Gari Lisilozimwa

Jumatano, saa kumi jioni.

Hilali alimwaga maharage mezani, akayapanga kwa kidole. Maharage matatu yakawa ghala la nyara za serikali. Kiberiti kikawa posta. Kamba ya kiatu ikawa barabara ya kutoka Kibondo kwenda Kasulu.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka lake la chumvi, hakina dirisha. Wanaume watatu walisimama kuizunguka meza. Wa nne, mzee Tamimu, alikuwa ameketi kwenye gunia, mguu umefungwa banzi.

"Jumamosi Mwenge wa Uhuru unaingia hapa Kibondo," Hilali alisema. "Unatokea Kakonko. Kila mwenye kofia ya serikali atakuwa kaskazini ya mji anapiga makofi. Ghala linabaki na mlinzi mmoja."

"Pembe ngapi?" aliuliza Crispin. Aliwahi kuwa mgambo. Walimfukuza, bunduki hakurudisha.

"Vipande kumi na vinane vya ndovu. Vinajaa buti."

"Buti la gari gani?"

Hilali alikigonga kiberiti. "La Mzungu wa maji, yule mchimba visima. Getini Malagarasi halikaguliwi. Na lina ugonjwa mmoja mtamu. Halizimwi. Mwenyewe akiingia posta, injini inanguruma nje. Akienda misa, inanguruma. Ufunguo umo humo humo."

Wakacheka. Mwaka ule wa sabini na tano petroli ilikuwa ya kibali, unapigia magoti lita tano, na mtu anaichoma bure kama kuni za msituni.

"Mwenye nacho hana uchungu nacho," alisema Tamimu.

Tamimu ndiye aliyekuwa aendeshe. Lakini wiki iliyopita jeki iliteleza, lori lake likamlalia mguu. Jahazi limepoteza nahodha kabla ya kung'oa nanga.

"Dereva ni Reverien," Hilali alisema.

Wote wakamgeukia. Reverien alikuwa utingo wa Tamimu, mtu wa miaka thelathini na minne, kazi yake kuweka gogo nyuma ya tairi na kujaza maji kwenye rejeta.

"Sijawahi kushika usukani, bwana."

Hilali alitoa karatasi mfukoni, akamtupia. Reverien aliikunjua. Mwandiko aliujua kabla hajasoma neno. Ilikuwa kwa Kirundi. *Ndakiriho.* Bado niko hai. Na chini yake, swali: je, bado unaongea usingizini?

Esteri. Miaka mitatu. Alimwacha kwao Ruyigi, Burundi, kwa siku mbili tu, akaenda kuuza mbuzi, na katika siku hizo mbili nchi ikawaka moto. Yeye akavuka kwa miguu mpaka Buha, upande huu wa Tanzania. Alikwisha kumwombea mkewe misa ya wafu.

"Jumamosi, kijito cha mpaka, chini ya Kitanga," Hilali alisema. "Mtu wangu atakuwa ng'ambo na mkeo. Pembe zinavuka kwenda, mke anavuka kuja. Saa tisa kamili askari wa kule wanabadilishana zamu, na wa zamu ya pili hanunuliki. Hakuna pembe, hakuna mke. Sina ubaya na wewe. Mimi ni mfanyabiashara."

Reverien aliikunja karatasi ikawa ndogo kama punje. 

"Nitajifunza," alisema.

Alhamisi, saa moja asubuhi.

Lori la Tamimu lilisimama kwenye shamba lililolala, nje ya mji. Mzee alikaa kushoto, mguu mbovu ameutoa dirishani, fimbo mkononi.

"Klachi. Gia namba moja. Achia taratibu. Moto."

Lori likaruka, likakohoa, likafa.

"Umeachia kama unatupa nyoka. Tena."

Likafa mara kumi na moja. Gia zililia kama mbuzi anayechinjwa kwa kisu butu. Kila alipokosea, fimbo ilimpata kwenye goti la kushoto. "Mguu huu ndio dereva! Wa kulia ni kibarua tu. Mguu wa kushoto ukichelewa, gari halikusikii."

Ijumaa jioni Reverien alipanda mpaka namba nne na kushuka mpaka namba moja bila kelele. Mguu wa kushoto ulikanyaga wenyewe, hata alipokuwa ameketi kula ugali.

"La mwisho," Tamimu alisema. "Ukikuta mteremko, weka fri, gia isishike, zima injini, liache lishuke. Petroli ni damu. Ukifika chini ingiza namba mbili, achia klachi, litashtuka, litawaka. Betri ikifa, sukuma. Hakuna gari linalowashinda watu wenye mikono."

Jumamosi, saa 3:20 asubuhi.

Ngoma zilisikika kaskazini. Gari jeupe lilikuwa mbele ya posta, linanguruma peke yake. Mzungu na dereva wake Longinus walikuwa hatua mia moja mbele, kamera juu, wakiungojea Mwenge.

Reverien alivaa shati jeupe na kofia, kama avaavyo Longinus. Alifungua mlango, akaketi, akapeleka mguu wa kushoto kwenye klachi.

Haikuwepo.

Alichungulia chini. Pedali mbili. Akatafuta ya tatu kwa mkono, kama mtu aliyedondosha shilingi. Pedali mbili tu. Na gia haikuwa na namba. Ilikuwa na herufi.

 Tamimu hakumwambia. Tamimu mwenyewe hakujua kuwa Mungu aliumba gari la namna hii.

Akavuta mkono wa gia kwenye R. Gari likarudi nyuma, likavunja chungu cha muuza togwa. Mama akapiga yowe. Akavuta tena. D. Gari likaenda mbele, laini, bila kuombwa. Machozi yalimlenga kwa shukrani.

Ghalani Crispin alikwisha kumfunga mlinzi. Ndihokubwayo, yule wa tatu mezani, mpagazi mwenye mabega ya fahali, Mrundi mwenzake Reverien, alikuwa amevunja kufuli kwa mtaimbo. Alibeba magunia mawili kwa mkupuo. Buti likajaa, gari likakaa chini kwa nyuma.

"Mbona unaendesha kama bibi harusi?" Crispin alifoka kutoka kiti cha nyuma.

"Halina klachi."

"Halina nini?"

"Nyamaza. Nalisikiliza."

Saa 5:40 asubuhi. Geti la Malagarasi.

Mti umelala barabarani. Askari mmoja kivulini. Reverien alitaka kupunguza mwendo na mguu wa kushoto ukatangulia, kwa mazoea, ukakanyaga klachi kwa nguvu zote. Isipokuwa pale palikuwa na breki. Gari likasimama kama limegonga ukuta. Ndihokubwayo, aliyeketi mbele, akapiga pua kwenye kioo. Nyuma, chini ya turubai, Crispin alitukana mama ya mtu.

Askari akaja, akainama dirishani. "Longinus, umelewa?" Akamtazama vizuri. "Wewe si Longinus."

"Longinus yuko na Mwenge, afande. Mimi dereva mpya. Najifunza."

Askari akamgeukia abiria. Damu ilikuwa inamtiririka Ndihokubwayo puani, naye anatabasamu kwa heshima.

Askari akapasuka kicheko. "Hata kipofu anaona kwamba unajifunza! Pita, kabla hujaniua." Akainua mti.

Walikwenda maili tatu ndipo Reverien alipopumua. Akatazama geji ya petroli. Mshale ulikuwa umelala kwenye alama nyekundu.

Saa 7:10 mchana. Njia panda ya Kitanga.

Kitu baridi kilimgusa kisogo.

"Usikate kona," Crispin alisema. "Nenda moja kwa moja. Nina mnunuzi wangu Kasulu."

"Mke wangu yuko Kitanga."

"Hakuna mke. Ile karatasi niliandika mimi. Hilali alinipa soda."

 Gari lilikuwa linakwenda kasi, njia panda inasogea. Kama ni kweli, hakuna kitu. Kama ni uongo, dakika hii ndiyo inayomzika Esteri mara ya pili.

"Uliandika nini chini?" aliuliza.

"Chini wapi?"

"Chini ya karatasi. Mstari wa pili."

Crispin akasita. "Niliandika... nakupenda."

Safari hii mguu wa kushoto haukukosea. Aliikanyaga breki makusudi, kwa fimbo zote za Tamimu. Crispin aliruka katikati ya viti, kichwa kikakutana na dashibodi, bunduki ikalia mara moja na kutoboa paa. Ndihokubwayo aliinyakua, akaitupa porini. Akamburuta yule bwana mpaka kwenye majani, akamlaza ubavu ili asisongwe na damu yake.

"Ungeniambia nijishike, sha, ndugu yangu," alisema aliporudi, akishika pua yake iliyovimba.

"Unisamehe, kaka."

"Twende. Shemeji anangoja."

Saa 7:50. Juu ya mteremko wa Kitanga.

Bonde lote lilikuwa chini yao, mashamba ya maharage, mabati machache ya kijiji, na mbali kabisa mstari wa miti inayofuata kijito. Ng'ambo yake vilima vya kwao. Reverien hakuwa amevitazama tangu alipovikimbia.

Mshale ulikuwa bado umelala. Petroli ni damu. Akaweka herufi ya fri, akazungusha ufunguo, injini ikanyamaza.

Gari lilishuka lenyewe. Upepo dirishani, ndege, mchanga chini ya matairi. Ndihokubwayo akaanza kuimba polepole. Kwa dakika sita zile Reverien alikuwa na furaha. Alipanga hata maneno. Angemwambia, ndiyo, bado naongea, jirani wanalalamika.

Chini, barabara ilianza kupanda kidogo. Akazungusha ufunguo.

Tk.

Akazungusha tena.

Tk.

Akakumbuka gari mbele ya posta, linanguruma peke yake. Mbele ya kanisa, linanguruma. Walivyocheka.

"Mungu wangu," alisema. "Betri imekufa. Ndiyo maana hawalizimi."

"Si tusukume?"

Watu wa kijiji walikuwa kwenye shamba la ujamaa, kando ya barabara. Waliweka majembe chini bila kuitwa. Gari la Mzungu wa maji! Aliyewaahidi kisima! Wakaja ishirini, wanaume kwa wanawake, wakaliwekea mikono na wimbo juu. Gari likaenda. Likashika mwendo. Reverien akavuta D, akangoja lishtuke.

Halikushtuka. Akarudisha fri, akavuta D tena. Mguu wa kushoto ulitafuta klachi ya kuachia, ukakanyaga hewa. Hakukuwa na kitu cha kuachia.

"Tena!" watu wakaitikia, wakilisukuma kwa moyo mweupe. Mara ya tatu. Mara ya nne. Wimbo ukapungua.

"Yemwe, jamani, buti hili lina mawe?" aliuliza mama mmoja, Josepha, akijifuta jasho. "Na Mzungu mwenyewe yuko wapi?"

Kamanda wa mgambo wa kijiji, aliyekuwa anasukuma kama wenzake, akaacha kusukuma. Akalitazama tundu la risasi kwenye paa.

Ndihokubwayo aliinama dirishani. "Kimbia," alinong'ona. "Mimi nitawachelewesha."

"Watakufunga."

"Mimi hakuna anayeningoja. Kimbia, sha!"

Saa 8:54. Kijito.

Alifika pumzi zimekwisha, shati limechanika. Maji yalikuwa ya magotini, upana wa hatua ishirini. Ng'ambo, chini ya mti, mwanamume mwenye koti. Kando yake mwanamke mwembamba mno, kitambaa kichwani.

Alisimama kwa namna ile ile, mkono mmoja kiunoni. Hangemkosea hata gizani.

"Mzigo!" yule mtu aliita.

"Uko juu! Gari limekufa! Nipe nusu saa!"

Mtu akatazama saa yake. Akatazama kilima nyuma yake, ambako kofia mbili za askari zilikuwa zinashuka. Akamshika mwanamke mkono.

"Esteri!" Reverien aliingia majini. "Bado naongea! Esteri! Usingizini, bado naongea!"

Mwanamke aligeuka. Aliinua mkono ulio huru, mara moja. Kisha mti ukabaki peke yake.

Mgambo walimkuta katikati ya kijito. Hakupigana. Walilazimika kumvuta, maana miguu haikutaka kutoka.

Jumapili, saa 4:00 asubuhi. Kituo cha polisi, Kasulu.

Longinus aliletwa kulitambua gari. Alipomwona Reverien na pingu zake hakuuliza habari za pembe.

"Ndugu yangu, kwa nini ulizima?"

"Nilibana petroli."

"Petroli gani? Tangi nililijaza mwenyewe Ijumaa. Geji ndiyo mbovu." Longinus alitikisa kichwa, huruma ya fundi kwa fundi. "Betri yake tunaingoja kutoka Dar miezi miwili sasa. Kila asubuhi tunaliwasha kwa betri ya trekta la misheni. Na gari lile halisukumwi likawaka, halina klachi. Ungeliacha tu lingurume, lingekufikisha Kigoma na kukurudisha."

Reverien alilia mbele yao wote, kwa sauti, kama mtoto. Askari aliyekuwa anaandika akaweka kalamu chini, akangoja.

Jumatatu asubuhi Ndihokubwayo aliomba, kwa adabu, wabadilishiwe chumba. Mahabusu wengine walikuwa wanalalamika. Hawakupata usingizi. Yule mwenzake anaongea usiku kucha.

"Anasema nini?" askari aliuliza.

"Usizime, afande. Anasema usizime tu."