Zamu ya Bibi Grizel

Jua lilikuwa likizama nyuma ya milima Marsali alipotoka na kopo tupu kwenda kuomba maziwa kwa jirani yake, Bi Peigi. Binti yake wa pekee, Una, alikuwa anaungua na homa. Viazi vilikuwa vimeoza ardhini katika bonde zima la Strathmorag, na homa ikafuata nyuma ya njaa. Ilikwisha kumzoa mumewe. Alikuwa amebakiwa na Una tu.

"Maziwa?" Bi Peigi alicheka bila furaha. "Ng'ombe wangu ananikodolea macho utadhani yeye ndiye anayeniomba mimi. Ungekuja enzi za Bibi Grizel, mwanangu."

Mgala muue na haki yake mpe. Bibi Grizel alikuwa tajiri, lakini huruma yake ilikuwa ya kweli. Alijenga nyumba ya supu kando ya kanisa, akawa anawapakulia maskini kwa mkono wake mwenyewe, mvuke ukimbabua. Alipoona makaburi ya zamani yamefurika hadi mifupa inachomoza, alitoa shamba lake la nyuma ya kanisa liwe makaburi mapya, maskini wazikwe bure. Kisha homa ikamchukua yeye. Akawa wa kwanza kuzikwa humo.

Wa kwanza, na wa mwisho. Watu wa bonde lile wanajua kwamba anayezikwa wa mwisho hushika zamu langoni. Halali, haketi, mpaka aletwe maiti mwingine wa kumpokea. Sasa nani angempeleka mtu wake kwenye makaburi yenye mtu mmoja, akasimame peke yake Mungu ajuaye mpaka lini? Wakaendelea kubananisha maiti wao kule kwa zamani, jeneza juu ya jeneza. Ni wale wale aliowalisha. Inatia aibu kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Usipite kanisani na giza hili linaloingia," Bi Peigi alimnong'oneza mlangoni. "Na ukipewa kitu huko, usipokee. Umenisikia, we Marsali?"

Alisikia. Lakini njia ya mtoni ni ndefu, na mtoto alikuwa peke yake. Akakata kupitia kanisani.

Harufu ndiyo iliyomsimamisha.

Shayiri... kitunguu... mfupa wa kondoo.

Nyumba ya supu ilikuwa imefungwa tangu mwenyewe alipokufa. Sasa bomba lake lilikuwa likitoa moshi, na mlango ulikuwa wazi kidogo. Ndani, mtu alikuwa anakoroga chungu. Kwaa... kwaa... mwiko ukikwaruza chini.

"Umechelewa, Marsali. Supu inapoa."

Sauti ilikuwa ile ile, ya upole. Mgongo ule ule, kilemba kile kile cheupe. Kisha akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, yamevimba, macho ya mtu ambaye hajapata usingizi mwaka mzima. Chini ya kucha zake palijaa udongo.

"Niliwapa supu," alisema taratibu. "Niliwapa ardhi. Nyinyi hamkunipa hata mmoja."

Marsali alitaka kukimbia. Miguu ilikataa, na tumbo lilikataa zaidi. Mwenye njaa hana miiko. Akanyoosha kopo. Na kwa kuwa huko maskini hapokei kitu bila kuuliza atalipa nini, maana hiyo ndiyo heshima pekee aliyobakiwa nayo, mdomo ukauliza wenyewe.

"Nikulipe nini, bibi mkubwa?"

Enzi za uhai wake, Bibi Grizel alikuwa akijibu, "Uniombee tu." Safari hii alisogea karibu. Hakuwa akipumua.

"Nipokee zamu."

Marsali alimfikiria Una. Hakusita. "Nitakupokea mimi. Mwanangu apone, mimi nichukue."

Bibi Grizel hakujibu ndiyo, hakujibu siyo. Alipakua tu.

Una alikunywa supu yote. Mama mtu hakuonja hata tone, ingawa mate yalimjaa. Mtoto akatokwa jasho, homa ikashuka, akacheka kidogo na kuuliza kama kesho supu itakuwepo tena. Marsali alilia kwa furaha. Kisha akanawa, akachana nywele, akavaa gauni lake safi, akajilaza kando ya mwanawe kungoja kifo chake.

Kulipopambazuka, aliamka.

Yeye ndiye aliyeamka.

Una alikuwa wa baridi. Chini ya kucha zake ndogo palikuwa na udongo.

"Ulimpa anywe?" Bi Peigi alijishika kichwa. "Ole wako, mwanangu! Anayekula ndiye anayempokea, siyo anayeahidi. Ungekunywa wewe!"

Pengine ni kweli. Pengine ilikuwa homa tu, maana homa hushuka kisha ikamaliza. Wanaume walijaribu kuchimba makaburi ya zamani, lakini kila walipochimba koleo liligonga jeneza. Una akazikwa kwa Bibi Grizel.

Jioni ile Marsali alikwenda langoni.

"Mama..."

Alikuwa amesimama nyuma ya vyuma, peku, ameshika lango kwa mikono miwili.

"Mama, lango zito. Miguu inaniuma."

"Njoo twende nyumbani, mwanangu."

"Siwezi. Mpaka aje mtu."

Marsali alitafuta kufa. Alilala na wagonjwa, akanywea vikombe vyao. Wao walipona, na yeye hakuumwa hata kichwa. Kujiua kusingemsaidia Una. Aliyejiua huzikwa njia panda, nje ya ukuta. Kila jioni alikwenda langoni, na kila jioni sauti ilikuwa imechoka zaidi.

Kisha jioni moja akasikia harufu.

Shayiri... kitunguu...

Mlango wa nyumba ya supu ulikuwa wazi. Chungu kilikuwa kinafuka. Hapakuwa na mtu ndani, ila mwiko juu ya meza, na nyayo za mtoto sakafuni, mbichi.

Marsali alisimama pale akilia kwa sauti. Alimaliza kulia. Akajaza kopo, akaenda kugonga kwa Bi Peigi, ambako mjukuu, Morag, alikuwa akikohoa tangu asubuhi.

Bi Peigi alifungua. Pua yake ikacheza. Akalitazama kopo, akamtazama Marsali machoni.

"Umeitoa wapi, mwanangu?"

"Nimepika mwenyewe, mama."

Ndani, Morag akakohoa, kikohozi kile kikavu cha mwisho mwisho. Mikono ya bibi kizee ikanyooka, ikalipokea kopo.

"Nikulipe nini?" Bi Peigi alinong'ona.

Marsali alitaka kusema, mwaga. Alifungua mdomo. Kutoka upande wa kanisani, bawaba za lango zikalia.

"Hakuna, mama," alisema. "Mpe anywe ingali moto."