Malkia Wawili wa Nicanor

"Usifungue ukurasa. Ngoja nifikirie," Nicanor alisema. "Muuaji ni daktari."

"Daktari hajui hata kucheza sataranji," Nelima akajibu.

"Ndiyo maana ninamshuku. Anajifanya hajui."

Ilikuwa Jumapili ya mwaka 1953, baada ya ibada, nyuma ya stesheni ya Eldoret ambako Nicanor alikuwa karani. Nelima, mwalimu wa shule ya misheni, alikuwa amepewa riwaya hiyo na nesi mzungu aliyerudi kwao. Alikuwa akiisoma kwa Kiingereza, akimweleza Nicanor kwa Kiswahili. Wachezaji wa sataranji walikuwa wakiuawa, na kila maiti ilikutwa na kete kiganjani. Nicanor alichora ubao mchangani ili wamfuate muuaji. Walibishana mpaka wakacheka.

"Tukimaliza kitabu hiki, nakuja kwenu Turbo kuongea na baba yako," Nicanor aliahidi.

Jumatatu shuleni, mwalimu mgeni, Jelagat, alikuwa akinywa chai na Nelima.

"Mchumba wangu ananipigia hadithi tamu," Jelagat alisema. "Watu wanauawa, wanashikishwa kete. Hadi jana jioni wamebaki mjane na daktari."

Nelima aliweka kikombe chini. Walikuwa wamefika hapo jana.

"Mchumba wako anaitwa nani?"

"Nicanor, wa stesheni. Jumamosi anakuja kwetu Burnt Forest na wazee."

"Hadithi hiyo ninamsomea mimi, Jelagat. Na mimi ameniahidi ndoa."

Jelagat naye aliweka kikombe chini.

"Aliniambia wewe ni dada tu wa kanisa," alisema. "Nitamwandikia asije."

"Hapana. Mwache aje. Avae koti lake zuri, alete wazee wake wote."

Jumamosi Nicanor alikaa mbele ya Mzee Kipngetich, baba yake Jelagat. Kando ya Nicanor alikuwa mjomba wake, Mzee Murunga, aliyeanza kumsifu.

"Kijana wetu ni mkweli. Hana msichana mwingine."

Jelagat aliingia na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando. Nyuma yake aliingia Nelima na vibuyu vya kunywea.

Nicanor alisimama. "Nelima, twende nje tuongee."

"Ongea hapa. Waambie wazee uliniahidi nini Jumapili."

"Ilikuwa mchezo tu."

"Na mimi?" Jelagat akauliza. "Mimi pia ni mchezo?"

 Mzee Kipngetich alimgeukia Mzee Murunga. "Mzee, umesikia."

"Nimesikia." Murunga alichukua kofia yake. "Umenifanya nidanganye kwa mdomo wangu katika nyumba ya watu. Tafuta mjomba mwingine."

Nicanor alibaki akimtazama Nelima. "Nisamehe. Nilikupenda kweli."

"Najua," Nelima alisema. "Ndiyo maana nilitaka iwe mbele ya watu. Faraghani ningekusamehe."

Nicanor alitoka peke yake, akashika barabara ya Eldoret kwa miguu. Nelima alimwangalia kutoka mlangoni hadi akapotea kwenye mahindi. Alidhani angemhurumia. Hakumhurumia hata kidogo.

Mama yake Jelagat alimgusa bega. "Mwalimu, tangu asubuhi hujala kitu."

"Sasa nitakula, Mama."