Kikombe Kilichofunikwa

Kila Jumamosi asubuhi Rula alifua sare zake, akapiga deki sebuleni, kisha akamwekea bibi yake maji ya kuoga. Wenzake darasani ndio waliompa jina hilo, kwa sababu hakuwahi kuchora mstari bila rula. Hata jua alilichora kwa bikari. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika somo la sanaa hapakuwa na wa kumfikia.

Jumamosi ya baba yake ilikuwa tofauti. Baba alikuwa fundi baiskeli. Siku hiyo alifunga kibanda mapema, akasugua grisi mikononi kwa sabuni ya unga, akaenda kituo cha afya kukutana na kikundi cha watu walioacha pombe. Alikuwa ametimiza miezi saba bila kuonja hata tone. Mwanzoni kikundi kilikuwa cha mazungumzo tu. Baadaye muuguzi aliyekisimamia akamwalika mwalimu mstaafu aje kuwafundisha kuchora. Alisema kuna mambo ambayo hugoma kutoka mdomoni, lakini mkononi yanatoka.

"Mimi na kuchora wapi na wapi?" baba alimwambia mama siku ya kwanza. "Mimi nimezoea spana."

Wiki ya tatu alirudi na rangi kwenye nyusi. Wiki ya tano alirudi akipiga mluzi. Rula alikuwa hajausikia mluzi huo kwa miaka miwili. Bibi alimtazama mwanawe kutoka kwenye kiti chake akasema, "Sijui wanampa nini huko, lakini waongeze dozi."

Jumamosi moja baba alirudi na picha aliyoichora kwenye kipande cha ubao. Kesho yake familia zote zilikuwa zimealikwa kituoni kuangalia kazi za kikundi. Aliiegemeza kabatini ikauke, akarudi kibandani kumalizia baiskeli ya mteja.

Rula alichuchumaa mbele ya picha. Ilikuwa meza yenye vikombe vinne. Meza ilikuwa imelala upande kama inataka kumwaga kila kitu. Vikombe vitatu vilikuwa afadhali, lakini cha nne kilikuwa kichwa chini miguu juu, hakina hata mkono. Aliwaza watu watakavyocheka kesho. "Maskini Baba," alisema. Alileta rangi zake na rula. Akainyoosha meza. Kile kikombe akakigeuza, akakitia mkono, na juu yake akachora mvuke mzuri wa chai. Alipomaliza, alijipongeza kimoyomoyo.

Baba aliporudi, alisimama mbele ya picha. Kisha akauliza polepole, "Nani ameishika picha yangu?"

Sauti yake ilimfanya Rula apoteze ujasiri wote. "Sijui, Baba," alijibu. "Labda rangi imejichanganya ilipokuwa inakauka."

Baba aliitikia kwa kichwa, akatoka. Hakuchukua hata kofia yake. Mama alikwenda mlangoni, akaitazama njia. Ukikata kushoto unafika kibandani, ukikata kulia unafika baa. Rula aliona mama alivyoushika ukingo wa mlango. Akatoka mbio bila viatu.

Alimkuta baba kibandani, ameketi kwenye kigoda katikati ya magurudumu, mikono mitupu.

"Baba, nimekudanganya," alisema huku akihema. "Ni mimi. Nilidhani umekosea, nikaogopa watu watakucheka."

Baba alimsogezea kigoda cha pili. "Kaa, mwanangu. Unaukumbuka wakati nilipokuwa narudi asubuhi?"

Rula alitikisa kichwa kukubali. Aliukumbuka vizuri.

"Nilikuwa nafika, nyinyi mmeshakunywa chai na kuondoka. Vikombe vyenu vimeshaoshwa. Changu kiko mezani, mama yako amekifunika, mdomo chini, ili nzi wasiingie. Kila siku. Hata siku nilizokuwa nimemtukana jioni kabla ya kutoka. Asubuhi moja nilikaa nikakitazama kile kikombe, nikalia kama mtoto. Siku hiyohiyo nilikwenda kituo cha afya kwa miguu yangu. Mwalimu alipotuambia tuchore kitu kilichotubadilisha, sikuwa na kingine."

Rula aliona aibu mpaka masikioni. "Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe. Na mimi nikuambie ukweli. Pale njia panda koo liliniwasha, nikasimama kidogo. Halafu nikaja huku. Ungeendelea kunificha, ningekaa hapa nikidhani labda akili yangu ndiyo imeharibika."

Rula aliuliza, "Na ile meza iliyopinda, ina maana gani?"

"Haina maana yoyote. Sijui kuchora meza. Hapo umenisaidia."

Walicheka mpaka mwenye baiskeli, aliyekuja kuichukua, akacheka nao bila kujua sababu.

Walirudi nyumbani pamoja. Waliikwangua rangi taratibu kwa kisu, na baba akakichora kikombe upya, kimefunikwa. Ila mvuke ulikataa kutoka wote. Bibi alivaa miwani, akasema, "Chai ya nyumba hii ni moto kweli. Inatoboa kikombe." Baba akaamua mvuke ubaki hivyohivyo.

Jumapili ukumbi mdogo wa kituo ulijaa watu. Dereva mmoja wa lori, mwenzake baba kwenye kikundi, alisimama mbele ya picha ile mpaka watu wakaanza kumpita. Mwishowe alisema, "Aliyekifunika kikombe hiki hayumo kwenye picha, lakini ndiye ninayemwona." Mama alikuwa amesimama nyuma yake. Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, huku akitabasamu.

Mwalimu mstaafu alikuwa ameshasimuliwa yote na baba. Alimwita Rula pembeni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nasikia una mkono mzuri. Basi nikuachie mambo mawili. Kabla hujamsaidia mtu, muulize kwanza alikuwa anataka kusema nini. Na ukikosea, sema mapema, rangi ikiwa bado mbichi. Ulipomfuata baba yako kibandani ulifanya jambo kubwa kuliko kunyoosha meza."

Rula alishukuru, akaenda kwenye picha ya dereva. Kwake ilionekana kama godoro lenye miguu. Safari hii hakukimbilia rangi zake.

"Mjomba, hapa ulichora nini?" aliuliza.

Uso wa dereva uling'aa. "Ng'ombe wa mama yangu," alisema, akavuta viti viwili. "Kaa nikusimulie."