Kichochoro cha Nane

Siku ya tisa tangu afungulie wageni shamba lake, mwanamke waliyemwita Kamba alikuta ndani ya mahindi njia ambayo hakuikata yeye.

Jina hilo la utani alilipata kazini. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mshika kamba wa wapima ardhi, na alipostaafu akarudi kwenye shamba la marehemu mama yake, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka baharini. Kila msimu wa joto wageni walijaa pwani ile, na baada ya siku tatu za mchanga na maji ya chumvi walianza kutafuta la kufanya. Jirani mmoja aliwaandalia mbio za kaa. Mwingine aliwatelezesha kwenye tope, na watu wazima na akili zao wakapanga foleni. Kamba yeye aliotesha mahindi ekari mbili, yakapita kimo cha mtu, akakata ndani yake vijia vya kupinda na kurudi, ili watu waingie wapotee kwa raha zao. Vichochoro visivyo na pa kutokea alikata saba. Kila kimoja alikipima kwa mkono wake na kukichora kwenye daftari.

Hiki cha nane kilianzia nyuma ya kona ya tatu. Kilinyooka moja kwa moja, na hakikuwa na kisiki hata kimoja, kana kwamba mahindi hayajawahi kuota pale. Ardhi yake ilikuwa imefagiwa. Mistari ya ufagio ilionekana wazi, imepangana, kama ua wa mtu anayetarajia ugeni.

Alimuuliza mdogo wake, aliyekuwa akipokea wageni langoni. Huyu walimwita Chiriku, maana tangu ajue kusema hakuwahi kunyamaza. Chiriku alisema yeye ufagio hata wa nyumbani anaukimbia, sembuse wa shambani. Wakacheka. Kamba akaziba mdomo wa kile kichochoro kwa miti miwili, wageni wakaingia, na jioni wote wakatoka salama.

Kesho yake miti ilikuwa imeegemezwa pembeni, taratibu, bila kuvunjwa. Palinuka kama kisima kilichofunuliwa baada ya miaka. Saa tano asubuhi mama mmoja mgeni alitoka akiwa amekunja uso, akasema kuna mtu anafagia huko ndani na hajibu salamu.

Chiriku alisema anakwenda kumtazama huyo asiye na adabu. Akaingia akiongea. Kamba alimsikia akipita kona ya kwanza, ya pili, akilalamikia jua, na kwenye kona ya tatu sauti ikakatika katikati ya neno.

Kamba aliwatoa wageni wote, akafunga lango, akaita. Ndipo alipoitikiwa. "Dada, niko huku," ilisema sauti ya Chiriku upande wa kulia. Alipogeuka, ilimwita kutoka kushoto, kisha mbali, upande wa baharini, kwa upole uleule, na nywele zikamsimama, kwa sababu Chiriku aliyemlea hajawahi kumwita mtu kwa upole akiwa amesimama juani.

Jirani wa kaa alimleta mganga, mama mnene mwenye baiskeli, anayesifiwa katika vijiji vyote vya karibu. Mganga hakuvuka hata mstari wa kwanza wa mahindi. Alisimama, akanusa, akarudi hatua tatu.

"Mwenye mahali pake alikuwa amelala," alinong'ona. "Nyinyi mmemwamsha kwa vicheko vya watu. Sasa anataka mmoja wa kukaa naye. Ameshampata. Usimfuate mdogo wako, mwanangu, naye hatataka mwingine."

"Na nikimfuata?"

"Atawaweka wawili."

Kamba alilitazama shamba. Alikuwa anaogopa. Lakini chini ya woga ule kulikuwa na hasira iliyopoa na kuwa ngumu. "Mama yangu amelima hapa miaka arobaini," alisema. "Huyo mwenye mahali hatukumwona hata siku moja ya palizi. Na mdogo wangu sina wa kugawa."

Alifunga kamba yake ya kupimia kwenye nguzo ya lango, ncha nyingine akajifunga kiunoni, akachukua panga. Masikio yangemdanganya, hilo alishaliona. Daftari lilimwonyesha kona ya tatu iko wapi, na kutoka langoni hadi pale mstari ulionyooka ulikuwa mita tisini na nne. Hakufuata vijia. Akayakata mahindi mbele yake, mstari kwa mstari, jua likiwa utosini.

Sauti zilianza mapema. Kwanza ya Chiriku, ikimwambia amepita, arudi kidogo. Kisha, alipofika mita ya sitini, sauti ya marehemu mama yao, karibu kabisa na sikio, ikimsihi aweke panga chini kabla hajajikata, ikimwita kwa jina la utotoni ambalo hakuna aliye hai aliyelijua, na harufu ya kisima ikazidi hadi akaionja ulimini, na mahindi ya mbele yakawa yanayumba ilhali upepo haukuwepo, na kamba kiunoni ikavutwa mara moja, polepole, kama mtu anavyojaribu uzito wa samaki. Machozi yalimtoka bila ruhusa yake. Hakuacha kukata.

"Mama nilimzika kwa mikono yangu," alisema. "Sauti yake iache."

Kimya. Kisha ufagio, shwa, shwa, hatua chache mbele.

Alipoangusha shina la mwisho alimwona. Chiriku alikuwa ameinama katikati ya kichochoro, anafagia. Macho yalikuwa wazi na hayakumwona mtu. Viganja vilishachubuka na damu ikalowanisha mpini, lakini aliendelea, mistari ikipangana nyuma yake. Na juu ya ardhi ile, saa ile ambayo kivuli cha kila kitu hujificha miguuni, kulikuwa na kivuli kirefu kilichotandazwa kutoka mwisho wa njia hadi kwenye visigino vya Chiriku, wala hapakuwa na aliyesimama kukitupa.

Kamba alikikanyaga. Kilikuwa baridi, baridi iliyopanda hadi kwenye meno. Akampokonya mdogo wake ufagio, akauvunja gotini.

"Huyu ana kwao," alisema, na sauti yake ilitetemeka, naye akaiacha itetemeke. "Ukitaka shamba lifagiwe, fagia mwenyewe."

Alimbeba Chiriku mgongoni, akaishika kamba, akaifuata bila kugeuka nyuma. Mbele yao kitu kilivuta pumzi ndefu, kisha nyuma yao, kisha pande zote, hadi walipoangukia miguuni pa mganga, ambaye alikuwa ameishikilia kamba kwa mikono miwili na hakuiachia.

Siku sita Chiriku hakusema neno. Ya saba aliulalamikia uji kwamba umeungua, na Kamba akatoka nje kulia.

Mganga aliwashauri wauze. Kamba aliyafyeka mahindi yote, na mwaka uliofuata akapanda tena, akakata vijia vipya mbali na pale. Wageni wanakuja. Ukanda wa kichochoro kile ameuzungushia ua, na ufunguo anao yeye peke yake.

Ndani ya ua ule kila asubuhi ardhi imefagiwa, na kila asubuhi Kamba huingia na jembe, huitifua, husia mbegu, kesho yake hukuta mbegu zimekusanywa kwenye kona, naye huzisia upya. Miezi ikapita hivyo, hakuna aliyechoka.

Juzi alikuta miche mitatu imeota. Ufagio ulikuwa umepita kulia na kushoto kwa miche hiyo, kwa uangalifu, bila kuigusa. Chiriku alichungulia juu ya ua, akauliza kwa sauti ya chini hiyo maana yake nini.

Kamba alipiga goti palepale, kwenye ubaridi ule, akachimba shimo la mbegu ya nne.