Ukurasa Uliomeza Wenzake

Kila Jumamosi, akishafua sare na kuianika, Nasambu alipita kando ya soko la Kitale hadi ofisini kwa Auntie Cherop, fundi wa kompyuta. Humo mlikuwa na seva, kompyuta moja iliyobeba tovuti kumi na mbili: ya kanisa, ya wafuga nyuki wa Mlima Elgon, ya wakulima wa Naitiri, na ya shule ya akina Nasambu, ambayo yeye mwenyewe aliitunza.

Wiki hiyo shule zilikuwa zikishindana. Tovuti itakayotembelewa zaidi ingeshinda. Siku ya Ijumaa tovuti yao ilikuwa na wageni arobaini na watatu tu.

"Si hao ni wewe na shangazi zako, bana," mwenzake Kiptum alimcheka darasani.

Maneno hayo yalimchoma. Jioni Nasambu aliandika programu ndogo ya kuufungua ukurasa wao tena na tena, bila kupumzika, akaiweka kwenye tovuti. Kulipokucha, hesabu ilikuwa imefika elfu tisa.

Sasa alikuwa amekaa kando ya Auntie Cherop, akitabasamu kimoyomoyo, simu ilipolia. Alikuwa Mama Phelista wa Naitiri.

"Cherop mwanangu, ule ukurasa wa kuweka zamu ya mashine ya kukausha mahindi umekataa kufunguka tangu asubuhi. Mahindi yangu yako kwa turubai, na mvua ndiyo hiyo inakuja. Yakilowa tena yataoza."

"Nipe dakika chache, mama."

Cherop alifungua mchoro wa seva, unaoonyesha kila tovuti inavyoitumia. Mistari kumi na mmoja ililala chini. Mmoja ulikuwa umepanda hadi juu kabisa, nao ulikuwa na jina la shule yao. Nasambu alitambua kazi ya programu yake. Angeweza kunyamaza.

"Ni mimi, Auntie," alisema, akaeleza yote.

Cherop hakugomba. Alimsogezea kibodi ili aizime programu yake mwenyewe. Kisha, kwa vidole vyepesi, akaiwekea kila tovuti kipimo chake, kiasi cha seva isichoweza kukizidi. Nasambu alimtazama kwa mshangao. Hakuna iliyofukuzwa, na kila moja ilipata nafasi.

"Hutatufungia tovuti?"

"Niwafungie kwa nini? Nilikulia mtaani Kipsongo. Ploti yetu ya vyumba vya kupanga ilikuwa na mfereji mmoja wa bomba. Wa kwanza akiuacha wazi, wa mlango wa mwisho hapati hata maji ya chai. Hatukuung'oa mfereji. Tulipeana zamu."

Simu ikalia tena. "Umefunguka," alisema Mama Phelista, akicheka. "Nimepata zamu ya saa nane. Asante, mwanangu."

Nasambu alimwandikia Mwalimu Wekoye, msimamizi wa mashindano, aziondoe zile ziara elfu tisa.

"Sasa tumebaki na arobaini na watatu," alisema kwa unyonge.

"Hao ni watu," Cherop alimjibu, akimshika bega. "Wale elfu tisa walikuwa wewe peke yako, umekalia viti vya wenzako. Kipimo nimeweka mimi, Nasambu, lakini ni ukweli wako uliotuokolea saa nzima ya kutafuta. Ukitumia kitu cha wengi, mkumbuke yule usiyemwona."