Watoto Waliojificha Chini ya Viti

Uliiona ile video, usinikatalie. Watoto wa Kasigau ndani ya basi la shule, ndovu mmoja mwekundu kwa vumbi la Tsavo anavuka barabara, na wote wanajitupa chini ya viti kana kwamba risasi zimelia. Ukacheka. Ukamtumia shemeji yako, naye akacheka, kisha ukapitisha kidole kutafuta kichekesho kingine. Sasa tulia usikie.

Asubuhi ya siku hiyo geti la mbuga pale Voi lilifurika magari ya watalii, mabasi ya shule na wauza kofia. Mwalimu Wakesho, rinda la kitenge cha manjano, raba nyeupe zilizokwisha kugeuka nyekundu, alikuwa akihesabu wanafunzi wake kwa mara ya nne.

"Madam, hao wanapanga foleni ama wanaandamana?"

Aligeuka. Dereva wa watalii, shati la kaki lililopigwa pasi mpaka kola ikasimama wima, alikuwa ameegemea gari lake.

"Wakiandamana utajua. Wataanza na wewe."

"Basi naitwa Muinde. Wakinipiga mawe, ujue jina la kuandika."

Wakesho alicheka bila kupenda. Geti lilipofunguliwa, namba yake ilikuwa tayari kwenye simu ya Muinde, na gari la Muinde likaingia mbugani sambamba na basi la watoto.

Miezi miwili walipigiana kila jioni. "Umekula, mwalimu wangu?" "Nimekula chaki." Hapo Muinde angeangua kicheko chake, kile kinachoanza na kikohozi na kuishia juu kama filimbi, na Wakesho angelala nacho masikioni. Video ilikuwa imeenea kote, lakini yeye hakuwahi kuifungua. Angeifunguaje? Watoto ni wake.

Mpaka siku moja mwalimu mwenzake alipoicheza ofisini, sauti juu. Nyuma ya mayowe ya watoto kulikuwa na mtu anacheka. Kikohozi, kisha filimbi.

Alitoka nje, akapiga simu.

"Muinde, cheka."

"Nini tena, babe?"

"Nimesema cheka."

Akacheka. "Haya, umeridhika?"

"Ni wewe uliyerekodi."

"Wakesho, ilikuwa mzaha tu. Niliitupa kwa grupu ya madereva. Sikujua..."

"Hukuuliza! Daisy, yule wa kwanza kujificha, ndovu aliangusha jiko lao mama yake akiwa ndani. Mpaka leo anatembea kwa magongo. Wageni wako huonyeshwa ndovu kwa darubini, Muinde. Sisi hatuhitaji darubini."

Akakata. Ujumbe ukaja, kumi, ishirini. Hakujibu hata mmoja.

Wiki ya tatu, Jumamosi asubuhi, gari la watalii lilipanda ile barabara mbovu ya Kasigau likiyumba. Halikubeba mgeni hata mmoja. Lilibeba mizinga ya nyuki, kumi na miwili. Muinde aliteremka kwa fulana iliyochanika, jicho moja limefura kwa kuumwa na nyuki.

"Mwalimu, ni yule wa kucheka!" Daisy, aliyemkumbuka tangu pale getini, alipiga kelele.

Muinde hakumwendea Wakesho. Alikwenda kwa mama Daisy, akapiga magoti vumbini.

"Mama, mimi ndiye niliyemcheka mtoto wako. Babu yangu kule Kibwezi alikuwa mrina asali. Hiki ndicho alichonifundisha: ndovu haogopi ukuta, anaogopa nyuki. Niruhusu nizungushe shamba lako."

Mama Daisy alimgusa bega kwa gongo lake. "Inuka. Nguzo hazichimbwi kwa magoti."

Walichimba, wakatundika mizinga, wakaiunganisha kwa waya ili ndovu akiugusa, yote iyumbe na nyuki watoke. Jua la saa tisa likamkuta Wakesho kapita karibu na nguzo ya mwisho, kwa bahati mbaya, eti.

"Wenzangu huja na pete," Muinde alisema.

"Na jicho limefura hivyo, unachumbia?"

"Lililobaki linakuona vizuri. Nioe, mwalimu. Yaani... nikuoe."

Wakesho alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaokota ncha ya waya. "Nimekubali. Lakini vuta, umelegea."

Shamba moja limezungukwa. Ya majirani bado yako wazi, na mahindi yanakomaa. Muinde alicheka, akaja. Wewe pia ulicheka. Kidole kile kile kilichopitisha video kinajua kupiga simu, na mafundi wa mizinga wamejaa Voi nzima. Kodi gari, panda Kasigau, lete mzinga wako. Leo. Ndovu hangoji upate nafasi.