Vidole Vilivyoomba Kijiko

Kila Ijumaa asubuhi nyumba ya kina Hajar, pale Hail, nchi ya Waarabu, hunukia ubani na vigae vilivyosuguliwa. Beryl, dada wa kazi kutoka Kisumu, hutoa mashine zake mbili za mvuke: kubwa ya tangi ni ya sakafu na choo, ndogo ya mkononi ni ya vioo na mito. Sanduku la Bibi la mbao lenye njumu, yale mapambo ya shaba, lililotoka Unguja, hulifuta kwa kitambaa kikavu tu.

Ijumaa hiyo Hajar, wa miaka kumi na miwili, alitaka wageni wa chakula cha mchana wamsifu. Akaikamata ile kubwa, alisafishe sanduku.

"Hajar kipenzi, hiyo ni ya vigae," Beryl akasema. "Mbao ya vanishi haitaki mvuke, hata wa ile ndogo."

"Nani kakuuliza? Kafundishe kuku wa kwenu!"

Beryl akaenda zake jikoni. Hajar akaachia mvuke. Vanishi ikatutumka, ikawa nyeupe. Akababaika, mvuke ukamuunguza vidole vya mkono wa kulia.

Mama akaja mbio. "Nani kafanya haya?"

"Beryl," Hajar akajibu, mkono kauficha nyuma.

"Madam, mimi sijaigusa hiyo sanduku!"

"Mwongo mkubwa we! Funga mizigo, leo leo unarudi kwenu."

Beryl akalia, akawataja wanawe wawili wanaosoma kwa mshahara ule. Mama akamfungia mlango usoni. Hajar aliona yote, akanyamaza.

Baada ya sala wakazunguka sinia la pilau pamoja na wageni. Hajar akaomba kijiko.

"Kijiko? Tangu lini?" Bibi akashangaa. "Lete mkono." Akavibonyeza vidole vyenye malengelenge. Hajar akapiga yowe.

"Sanduku langu kaliunguza nani?"

"Mimi, Bibi."

Beryl akaitwa, begi mkononi. Mbele ya wageni wote Mama akamwomba radhi, kisha Hajar.

"Sawa, madam," Beryl akamwambia mtoto, akaenda kurudisha nguo zake kabatini.

Hajar akaangua kilio. "Bibi, mbona ananiita madam?"

"Sanduku nna fundi wake, atalipiga msasa ling'ae," Bibi akasema. "Kuishika mashine nako ningekusamehe, wallahi. Ungesema tu, 'Ni miye,' pale pale. Lakini ulimwona mtu analia kwa kosa lako, ukafunga mdomo. Hilo 'kipenzi' lako, mwanangu, fundi wake simjui. Kesho amka mapema, ukasugue naye vigae, wala usimwombe akuite kitu."